Nyumba Isiyo na Kibao

Wajukuu zangu, barua yenu imenifikia, na nimefurahi kuona bado wapo vijana wanaomwandikia mzee badala ya kumkatiza usingizi wake wa mchana kwa simu. Mnaomba kuitembelea nyumba salama katika zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kati ya Novemba 25 na Desemba 10. Mnataka kukabidhi unga, sukari na sabuni, mpige picha na akina mama, kisha mtengeneze video fupi ya kuhamasisha jamii. Fulana mmeshachapisha.

Jibu langu ni hapana. Unga tunauhitaji sana; upelekeni ofisi ya ustawi wa jamii pale halmashauri, utatufikia. Ila nyumbani hamji, na picha hakuna. Ningeweza kuishia hapo, lakini mzee akikataa bila kueleza anakuwa amewafokea tu watu waliokuja kwa nia njema. Kwa hiyo vumilieni, maana nina mengi.

Nyumba ninayosaidia kuilea haina kibao. Ukipita barabarani unaona geti la bati, mpapai na kamba ya nguo. Majirani wanajua anaishi humo bibi mmoja mwenye wajukuu wengi, na hilo si uongo sana. Mkoa sitautaja. Wanaopaswa kuijua wanaijua: afisa ustawi wa jamii, askari wawili watatu wa Dawati la Jinsia na Watoto, daktari, na dereva mmoja ambaye sijawahi kumsikia akisimulia habari za abiria. Orodha ni fupi kwa makusudi. Kila anayeongezwa ni mdomo mwingine wa kuuombea dua.

Wageni wetu hufika usiku zaidi, au alfajiri, mama na watoto, mzigo ukiwa kanga moja iliyofungwa fundo. Usiku huo hatuhoji kitu. Aliyeumia anapelekwa hospitali kwanza. Aliye mzima anapewa maji ya moto, uji, kitanda chenye neti, na anaonyeshwa komeo la mlango wa chumba anacholala. Hilo komeo msilidharau. Wapo waliokaa kwenye ndoa miaka mingi bila kuwa na mlango ambao wao wenyewe wanaweza kuufunga kwa ndani.

Asubuhi tunauliza mambo madogo. Mmoja tulimuuliza anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Akatutazama, akasema, "Yoyote mnayokunywa." Kesho yake tukauliza tena, jibu likawa lile lile. Zilipita siku kadhaa ndipo akasema, tena kwa sauti ya chini kama anayeungama, kwamba maziwa humsumbua tumbo. Siku zote hizo alikuwa anayanywa na kushukuru. Mwanamke huyo alikuwa mzima wa viungo. Hakuwa na jeraha la kumwonyesha daktari. Kupiga ni sehemu moja tu ya kazi ya mpigaji. Sehemu kubwa zaidi ni kumfundisha mtu kwamba hana anachokipenda.

Alikuja pia mtoto wa miaka kama sita aliyekataa kuvua viatu wakati wa kulala. Tulidhani anaona baridi, tukamwongezea shuka. Mama yake ndiye aliyetueleza. Kwao usiku ukiharibika hakuna muda wa kutafuta viatu, na yule mtoto aliwahi kukimbia pekupeku kwenye changarawe. Tukamwacha alale navyo. Tulikuwa tunavifuta matope jioni ili asichafue shuka, basi.

Na pikipiki. Siku nzima zinapita nje, hakuna anayeshtuka. Lakini ikizimwa mbele ya geti, jikoni kote kunanyamaza, hata anayekuna nazi anasimamisha mkono, mpaka mmoja wetu achungulie na kusema ni muuza mkaa. Sasa mfikirieni ninyi mkija na basi dogo, spika na fulana mpya.

Sisi watu wa huku tumelelewa kutunza siri ya nyumba. Mwari akitolewa ndani, kungwi alimwambia ya chumbani yaishie chumbani. Leo anaambiwa hayo hayo kwenye kitchen party, ila kwa kipaza sauti na shangwe. Siwacheki, mafunzo hayo yana hekima yake. Nyumba ambayo kila kinachosemwa kitandani kinafika kisimani haina heshima. Tatizo ni kwamba siri tuliipeleka kumlinda asiyestahili. Mke akionekana na jicho limevimba, akasema amejigonga mlangoni, mtaa mzima unamsaidia kuushikilia huo mlango. Hakuna anayeuliza mlango gani unampiga mtu kila mwisho wa mwezi. Lakini mwanamke huyo huyo akionekana stendi na watoto na mfuko, habari zinamtangulia kabla basi halijatoka: mke wa fulani nimemwona, alikuwa anakata tiketi ya wapi sijui, kafuata nini huko. Mume akipiga, siri. Mke akikimbia, tangazo.

Ombi langu kwenu ndilo hilo, na mengine yote humu yanatokana nalo: ihamisheni siri. Kipigo kisemwe, safari ifichwe.

Kusema kipigo ni kosa si jambo la kizungu wala la juzi. Sheria yetu ya Ndoa hapa Tanzania ni ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inasema vingine. Mwaka huo huo wa 1971, kule Chiswick, London, mwanamke aitwaye Erin Pizzey alifungua nyumba ambayo wake waliopigwa waliweza kwenda kulala na watoto wao, na kutokea hapo nyumba za namna hiyo zikaenea nchi nyingi. Huwa nayatazama matukio hayo mawili pamoja. Sisi tuliandika katazo zuri kabisa, wengine hata hawakuwa nalo. Tulichochelewa kukitafuta ni kitanda cha mtu wa kulala usiku ule anapoamua kulitumia katazo hilo.

Na katazo lenyewe wangapi wanalijua? Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16, watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akiwaacha watoto bila uangalizi, au akikataa tendo la ndoa. Wanawake 58 kati ya 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Someni tena namba hizo, hasa wasichana, kabla hamjasema adui wa mwanamke ni mwanamume peke yake. Wanaomrudisha mwanamke kwenye kipigo mara nyingi ni mama yake mzazi, wifi, na shangazi aliyevumilia ya kwake.

Mtaniuliza, zamani wanawake walikimbilia wapi? Kwa watu wao. Kwa mjomba, kwa kaka mkubwa, kwa bibi. Kwingine walikimbilia misheni. Huko Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake na kuishi naye nyumba moja. Mila hiyo ina sababu nyingi, kubwa zikiwa urithi na kupata watoto wa ukoo, lakini wapo wanawake wanaoichagua waziwazi kwa kuwa wamechoka kupigwa. Na Samburu, nchini Kenya, tangu mwaka 1990 kipo kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa na Rebecca Lolosoli na wenzake, ambamo wanawake waliofukuzwa au kutoroka wamejenga na kuishi na watoto wao bila mume ndani. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kumpa hifadhi mke aliyetoroka ni jambo lililoletwa na wafadhili.

Kimbilio la ndugu lina kasoro moja tu: mume anakujua kwa mjomba. Alipeleka barua ya posa huko huko. Anafika saa mbili usiku na wazee wawili, anaomba radhi, anatoa kitenge, na kikao kinakaa. Hapo ndipo mahari inapoanza kuzungumza. Baba aliyekwisha kuila mahari, au kuitumia kumwozea mwanawe wa kiume, ana sababu ya kumwona binti yake ni mkaidi. Nchini Uganda suala la kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika lilipelekwa mahakamani na shirika la MIFUMI, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ikasema madai hayo ni kinyume cha katiba, kwa kuwa yanamfunga mwanamke ndani ya ndoa anayotaka kutoka. Wazee wangu wengi hawajaisikia hukumu hiyo, na wangeisikia wangeguna. Lakini ninyi mnaooa na kuolewa leo mnaweza kukubaliana mapema, mbele ya wazee, kwamba mahari iliyotolewa imetolewa.

Kuhusu vikao nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe hukaa vikao vya usuluhishi. Mume na mke wakigombania hela ya ada, au mawifi, au nani alisema nini kwenye msiba, mkeka utandikwe na watu wazungumze. Wagombanao ndio wapatanao, ndiyo. Methali hiyo ilitungwa kwa watu wawili wanaogombana. Mmoja akiwa anapiga na mwingine anajikinga kwa mikono, hapo hakuna wagombanao. Anayeitisha kikao anamtaka aliyepigwa amweleze mpigaji, uso kwa uso, alichomkosea, kisha wote warudi kulala nyumba moja. Sheria ya Ndoa inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi, lakini kifungu cha 101 chenyewe kimeacha upenyo pale mazingira yasipokuwa ya kawaida. Mwanasheria wa msaada wa kisheria anaujua upenyo huo. Mwulizeni.

Kwenye simu nitakaa kidogo, maana huko ni kwenu.

Tangazo linakuja kwenye kundi la WhatsApp. Picha ni ya harusi au ubatizo, mama anacheka, watoto wamevaa soksi nyeupe. Chini yake pameandikwa kwamba mke ametoweka nyumbani na watoto, familia ina majonzi, mwenye taarifa apige namba hii. Unaguswa. Unasambaza kwa ndugu, kwa waliosoma nawe, kwa kundi la bodaboda wa kijiwe chenu. Haipiti saa moja mkata tiketi ameiona, mama ntilie wa stendi ameiona, na kondakta aliyembebea mtoto begi anakumbuka walikoshukia. Hakuna hata mmoja wenu aliyekusudia ubaya. Watu wanaofanya kazi hii popote duniani wanakwambia siku za hatari kubwa kwa mwanamke aliyekuwa anapigwa ni zile za kuondoka na zinazofuata, kwa sababu ndipo mpigaji anapoona umiliki wake unamponyoka. Na siku hizo hizo ndipo mnapoisambaza picha yake.

Mtu aliyepotea anatafutwa na polisi. Ukiwa umemwona mama huyo, habari yako ipeleke kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na siyo kwenye ile namba. Nasema Dawati, wala sisemi kaunta, kwa sababu si kila askari amefundishwa mambo haya, na wapo wanaodhani kumrudisha mke kwa mume ni kumaliza kesi. Kama kweli mama yule amepotea au ametekwa, habari yako itamsaidia huko. Kama amekimbia, utakuwa hujamuuza. Siwaambii kila mume anayemtafuta mkewe ni mpigaji. Wapo wenye majonzi ya kweli. Nawaambia tu kwamba picha ya ubatizo haiwezi kukuonyesha tofauti.

Simu yenyewe nayo ni mbea. Mara nyingi ilinunuliwa na mume, ikafunguliwa kwa akaunti na neno la siri analolijua mume, na mke akiiwasha popote mume anaitazama kwenye ramani. Mimi sikuyajua hayo, alitufundisha kijana mmoja wa umri wenu aliyekuja kutengeneza redio. Yeye ndiye anayefuta akaunti za zamani na kuweka mpya, na anajua kwamba kazi hiyo haina cheti wala sherehe. Kama mnataka kusaidia kwa ujuzi wenu, msaada wa namna hiyo unazidi mfuko wa unga.

Wapo walimu miongoni mwenu. Mtoto akihama shule, karatasi zake zinapita kwa mwalimu mkuu, na jina la shule mpya linabaki ofisini. Baba anakuja amevaa vizuri, anasalimia, anaeleza kwamba anataka kulipa michango ya mwanawe, shule ipi vile? Mwalimu kwa ukarimu wake anamtajia. Uhamisho wa watoto wa namna hii upitie kwa afisa ustawi na afisa elimu, na mwalimu anayeulizwa aseme aulizwe afisa ustawi. Anaweza kulisema hilo kwa adabu zote, hata akampa mgeni kiti.

Nanyi wa bodaboda na bajaji: abiria uliyemshusha usiku wa manane na watoto, umemshusha. Kijiweni si lazima usimulie.

Kabla mtu hajafika kwetu kuna kipindi kirefu cha kujiandaa, na hapo jirani kijana anaweza kufanya jambo kubwa kimya kimya. Kama dada wa chumba cha pili amekuamini, mtunzie bahasha. Ndani yake ziwemo kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala ya kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima kama anayo, cheti cha ndoa, dawa za anayetumia dawa kila siku, na nauli. Asitunze yeye, itaonekana. Sare za shule zinaweza kusubiri. Dawa ya kifafa haisubiri. Mwanamke anayetoka bila karatasi hizo anatumia miezi akizitafuta upya, na kila ofisi inamuuliza baba wa mtoto yuko wapi.

Akiumizwa, apelekwe hospitali mara moja. PF3 ya polisi inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini damu haisubiri fomu. Akiwa amebakwa, hata kama aliyembaka amemwoa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ni bora. Asioge kwanza wala asifue nguo zile. Najua ndicho anachokitaka kuliko vyote, na nimeshuhudia ushahidi ukiishia kwenye beseni kwa sababu jirani mwema alimchemshia maji. Mambo ya watoto yana namba yake, 116, haina malipo. Ijueni kwa kichwa.

Baadhi yao watarudi kwa waume. Hili huwakatisha tamaa vijana wanaojitolea, wanaona kama wamechezewa. Kabla hujakasirika, hesabu naye. Nyumba yetu ni ya kupitia, si ya kuishi. Akitoka anahitaji chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati biashara yake ya kwanza ni beseni la maandazi. Wengi wanarudi kwa sababu ya hiyo miezi sita, mapenzi hayahusiki. Kama wazazi wenu wana vyumba vya kupangisha, waombeni wampokee mama mmoja kwa kodi ya mwezi mwezi. Msije kwangu na hotuba kabla hamjajaribu kuwashawishi baba zenu kwa hilo.

Anayetaka kutoka moja kwa moja aambiwe pia kwamba hatoki mikono mitupu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikumpa alichokifuata, masikini, lakini alilolifungua limewafaa wenzake wote waliokuja baada yake. Na mtoto wa chini ya miaka saba, Sheria ya Ndoa inaanza kwa kudhani kwamba ni heri akae na mama yake, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Nayasema haya kwa sababu tishio la kwanza la mpigaji ni lile lile nchi nzima: toka, lakini watoto na nyumba huvioni tena. Mwanamke asiyejua sheria anaamini.

Na aliyerudi, akija tena, mlango uko wazi. Hatumsemi. Kila anapokuja anakuwa na akili zaidi ya safari iliyopita, na bahasha iliyojaa zaidi.

Lipo jambo la nyumba yetu nisilolipenda na bado nalisimamia. Mvulana akishabalehe halali kwetu. Akina mama wanalala vyumba vya pamoja, wengine wakisikia tu sauti nzito ya kiume mwili unawatetemeka, hata kama ni ya kijana wa watu asiye na kosa. Kwa hiyo mama anafika na watoto watatu, tunawapokea wawili, na kaka yao wa miaka kumi na minne, ambaye labda ndiye aliyejitia katikati akapigwa yeye, tunamtafutia pengine pa kulala. Akikosa, anarudi kwa baba. Mnaielewa hiyo? Yule aliyemkinga mama yake ndiye tunayemrudisha, na baadaye tunashangaa amejifunza wapi ngumi. Wanachohitaji vijana hawa ni familia za kuaminika, zile ambazo ustawi wa jamii unazikagua na kuzikubali zimlee mtoto kwa muda. Waliooa miongoni mwenu, wenye chumba kimoja cha ziada na uvumilivu, nendeni mkajiandikishe. Kijana wa namna hiyo atakaa mezani kwako wiki mbili bila kusema neno. Mpe kazi za mikono, mwache aone unavyoongea na mkeo mkitofautiana.

Sasa wavulana, maana barua yenu ilikuwa na saini nyingi za kiume, na hilo limenipa moyo.

Iko siku atakuja kwako rafiki yako. Mmekua wote, amekusaidia ulipokuwa huna kitu. Atakuja analia. Mkewe ameondoka na watoto, simu haipatikani, nyumba imekuwa pango. Atasema alikuwa amelewa, na ilikuwa kofi moja, na shetani alimpitia. Machozi yake yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Nimewaona wanaume wanalia mpaka wanatapika. Ukweli wa machozi yake hautoshi kuwa sababu ya kumtafutia mtu aliyemkimbia. Atakuomba mambo madogo. Mwambie mchumba wako amuulizie kwa dada yake. Fungua ukurasa wake nione kama amebadilisha picha. Nipelekee tu hii barua, sitaki kingine. Usibebe hata moja. Barua ya toba ikifika kwenye mlango uliofichwa, maana yake mlango umejulikana.

Usimfukuze pia. Mwanamume aliyeachwa peke yake na hasira yake ni hatari kwa mke na kwa nafsi yake. Kaa naye, mpikie, mwondolee pombe. Usimwambie kwamba wanawake ndivyo walivyo. Asubuhi msindikize ofisi ya ustawi wa jamii, aeleze mwenyewe alichofanya, kwa mdomo wake. Kama shida yake ni watoto, mahakama inaweza kumpangia siku na mahali pa kuonana nao, mbele ya afisa, bila yeye kujua wanalala wapi. Anayewataka watoto ataikubali njia hiyo, japo kwa uchungu. Ukiona haitaki, ameacha kulia, na sasa anauliza mjomba wa mkewe siku hizi anaishi mji gani na basi la kwanza linaondoka saa ngapi, usimsindikize tena popote. Wapigie Dawati kabla hajakata tiketi.